Ufadhili wa P.E.: Anzia Kwenye Kiwanja

Nafundisha P.E. katika shule ya msingi ya umma hapa Kilifi, na walimu wenzangu huniuliza mara kwa mara ni nani anayetoa pesa za michezo. Mimi huwauliza kwanza: kiwanja chenu kina hati?

Shule nyingi za Pwani zimekaa kwenye ardhi iliyotolewa kwa mdomo na wazee, au iliyotengwa zamani bila kusajiliwa. Mfadhili anayetaka kusawazisha uwanja au kusimamisha magoli ya chuma ataomba karatasi inayoonyesha ardhi ni ya shule. Ana haki, maana viwanja vya shule vimenyakuliwa tukiona kwa macho yetu. Fuatilieni hati kupitia bodi ya shule na ofisi ya ardhi sasa hivi, kwa sababu tangazo la ufadhili likitoka, muda wake utaisha kabla hati haijapatikana. Wakati mnangoja, ombeni vifaa vya kubebeka: mipira, koni, kamba, mikeka ya mazoezi.

Halafu jueni mlango wa kubisha. Katiba ya 2010 iliipa kaunti elimu ya chekechea, na shule za msingi na sekondari zikabaki kwa serikali ya kitaifa. Ndiyo maana ombi la shule ya msingi likifika kaunti huambiwa si kazi yao. Lakini katiba hiyohiyo imeipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Kama vijana wa kijiji huchezea uwanja wenu jioni, andikeni ombi la uwanja wa jamii, na wazee wa kijiji watie sahihi pamoja na bodi.

Upande wa serikali ya kitaifa kuna mfuko wa eneo bunge, NG-CDF. Sheria yake ya 2015 inaruhusu hadi asilimia 2 ya mgao wa eneo bunge kwa mwaka itumike kwa michezo, na nimekutana na walimu wakuu wasiolijua hilo. Inataka pia wananchi waitwe kwenye mabaraza ya wazi katika kila wadi. Nendeni na wazazi, waseme wenyewe, maneno yao yaandikwe. Mwaka 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hiyo inakiuka katiba, kwa hivyo ulizieni ofisini mambo yamefikia wapi kabla ya kuandika.

Balozi nazo zisisahaulike. Ubalozi wa Japani una msaada wa miradi midogo ya jamii, ila haulipi mishahara wala gharama za uendeshaji. Ubalozi wa Australia jijini Nairobi una Direct Aid Program. Huko usitafute tangazo lililoandikwa P.E., hutaliona. Utaona afya, usawa wa wasichana, watu wenye ulemavu, na yote hayo yamo ndani ya kipindi chako. Eleza kwamba wasichana hukaa chini ya mwembe kwa kukosa kaptura za mazoezi, na kwamba mtoto mwenye kiti cha magurudumu huachwa darasani. Taja pia kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Kisha toa hesabu ya darasa: watoto 60 wakiwa na mpira mmoja, wangapi wanakimbia?

Kwenye bajeti msiweke mipira peke yake. Ongezeni pampu, sindano zake, neti, na kabati la kufuli. Changarawe yetu hula mipira ya plastiki upesi. Ile ya Alive and Kicking, inayoshonwa Nairobi, imetengenezwa kwa viwanja vya namna hii. Ambatanisheni bei za maduka matatu, kumbukumbu za kikao cha bodi na barua ya afisa wa elimu wa kaunti ndogo.

Pesa zikiingia, fungueni daftari la vifaa siku hiyohiyo na kutunza kila risiti. Picha za watoto zipigwe kwa ridhaa ya wazazi, na ripoti itumwe kabla mfadhili hajaiulizia. Ombi la awamu ya pili huambatana na ripoti hiyo.