Deni la Nyumbani: Tuanzie Wapi Kulipa?



Ndugu zangu, somo la toleo hili nimelitoa nyumbani kwetu Kamembe, Rusizi, na mama ameniruhusu kuliandika kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe.

Mwezi wa Machi 2020, mpaka wetu na Bukavu ulipofungwa kwa sababu ya korona, biashara ya mama ya kuvusha nyanya na vitunguu ilikatika ghafla. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Haukupita muda watu wanaotudai wakaanza kubisha hodi. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na kazi yangu ikawa kutoka mlangoni na kusema, "Mama hayupo." Mama alikuwa jikoni, ananisikia.

Miaka ikapita, nikaingia chuoni. Mwaka wa kwanza tulisoma hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyomo katika Sahihi Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) ndani ya swala yake alikuwa akijikinga kwa Allah na dhambi pamoja na deni. Alipoulizwa kwa nini anajikinga sana na deni, alieleza kuwa mtu akiwa na deni huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja ahadi. Wenzangu darasani walikuwa wanaandika. Mimi niliukumbuka ule mlango.

Tusielewane vibaya. Kukopa si haramu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya pishi 30 za shayiri, yaani chakula cha nyumbani. Kwa hiyo mama anayechukua mchele dukani kwa mkopo ili watoto wale hana la kuonea haya. Tatizo linaingia pale deni linapofichwa. Likifichwa halijulikani ni kiasi gani, na lisilojulikana kiasi chake halina mpango wa kulilipa.

Hapa nataka tukae kidogo na kisa cha Zubayr bin al-Awwam (r.a.), ambacho Bukhari amekisimulia kwa urefu. Zubayr aliuawa mwaka 36 Hijria, wakati wa Vita vya Ngamia. Kabla ya hapo alimwita mwanawe Abdullah akamwambia kwamba kinachomshughulisha zaidi ni deni lake, akamuusia auze mali alilipe, na akishindwa amuombe msaada Mola wake Zubayr. Deni lenyewe halikutokana na ufujaji. Watu walimletea amana awawekee, naye akakataa kuzipokea kama amana kwa kuogopa zisipotee, akazichukua kama mkopo ili ziwe juu yake. Abdullah alipohesabu alikuta dirhamu 2,200,000.

Na tazameni jinsi deni linavyomfanya mtu. Hakim bin Hizam alipomuuliza Abdullah ni kiasi gani, Abdullah alificha, akataja 100,000 tu. Hakim akasema hata hizo hadhani kama mali yao itazitosha. Ndipo Abdullah akamwambia ukweli wote. Mtoto wa sahaba mkubwa kama huyu, naye sahaba, mara ya kwanza ulimi ulimwia mzito. Mama yangu alipolisikia hilo alicheka, ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka tukizungumzia madeni.

Baada ya hapo Abdullah alitangaza wazi kwamba yeyote anayemdai Zubayr aje kwao. Ardhi ya al-Ghaba, ambayo baba yake aliinunua kwa 170,000, aliiuza kwa 1,600,000. Abdullah bin Ja'far, aliyekuwa akidai 400,000, alijitolea kusamehe, kisha akajitolea kusubiri. Yote mawili yalikataliwa, akakatiwa kipande cha ile ardhi. Ndugu zake walipotaka urithi ugawanywe, Abdullah aligoma mpaka atangaze misimu minne ya Hija kama kuna anayemdai baba yao. Miaka minne!

Sasa turudi Kamembe. Februari 2025 vita vilipofika Bukavu, wateja wa mama katika soko la Kadutu waliokuwa wamechukua mali kwa mkopo walitawanyika, na benki za upande ule zikafungwa. Nilipofika nyumbani likizo nilikuta mama amekonda. Nikamwomba tuandike. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'an, inaamrisha deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa, na anayedaiwa ndiye atamke linaloandikwa. Sisi wanafunzi huisoma kama sheria ya mikataba ya wafanyabiashara. Nyumbani kwetu ilikuwa daftari la kurasa 48 na mama anatamka huku akitazama pembeni.

Kodi ya nyumba miezi mitatu, faranga 120,000. Duka la jirani, 62,000. Karo ya mdogo wangu, 56,000. Ikimina, kile kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, 90,000. Maji, 18,000. (Umeme hautudai. Huku tunanunua yuniti kwanza, usipolipa unalala gizani na hesabu imeisha.) Na mkopeshaji wa mtaani, hawa wanaoitwa Banque Lambert, mkopo wa 100,000 ambao yeye alikuwa anadai 180,000. Ukiacha riba, jumla ilikuwa 446,000. Mama alidhani imepita milioni. Usiku ule alilala.

Asubuhi nilikwenda dukani kulinganisha daftari letu na la mwenye duka. Nilimwamkia, nikamwambia nimekuja kwa ajili ya deni. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, pesa hainiumi sana. Kinachoniuma ni kuona watoto wenu wanavuka barabara wakiniona." Kisha akafungua daftari lake. Zile 62,000 zilikuwepo. Chini yake, kwa wino uliofifia, palikuwa na 22,000 za mwaka 2019 kwa jina la baba.

Hatukujua. Mzee hakuwahi kuzidai, aliona haya kumdai mjane. Aya za mirathi katika Suratun Nisaa zinaweka urithi baada ya wasia na deni, na Mtume (s.a.w.) alihukumu deni litangulie wasia. Sisi baiskeli ya baba tulishampa baba mdogo, nguo zake tulishagawa, na hakuna aliyesimama msikitini siku ya maziko akauliza nani anamdai marehemu. Au labda aliuliza, nasi kwa kilio hatukusikia. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, nafsi ya muumini hubaki imefungika na deni lake mpaka alipiwe. Miaka sita, kwa 22,000. Nawaomba mliofiwa na wazazi msiishie kwenye dua ya kila swala. Nendeni dukani mkaulize.

Jumla sasa ikawa 468,000. Tuliuza friji mama aliyokuwa akiuzia juisi, tukapata 80,000. La baba lilitangulia, 22,000. Tukalipa maji kabla hayajakatwa, 18,000. Zilizobaki, 40,000, zikaenda ikimina, kwa kuwa zile ni pesa za wanawake wenzake ambao nao wana njaa.

Karo ilitupeleka msikitini. Wengi wetu tukisikia zaka tunafikiria mafukara na maskini tu, lakini aya ya 60 ya Suratut Tawba imetaja makundi manane, na wenye madeni ni kundi linalojitegemea. Mama alikataa kwenda, nilikwenda mimi. Imamu alitaka kuliona daftari, akalisoma mstari kwa mstari, kisha kamati ikalipa 56,000 moja kwa moja shuleni. Nina hakika ningekwenda na maneno matupu ningerudi na maneno matupu.

Kwa mkopeshaji mambo hayakuwa mepesi. Suratul Baqara inakataza riba, kisha katika aya ya 279 inampa mkopeshaji anayetubu haki ya mtaji wake, asidhulumu wala asidhulumiwe, na aya inayofuata inamtaka ampe muda aliye katika dhiki, na kusamehe ni bora zaidi. Maana yake zile 100,000 mama anadaiwa kweli, hawezi kuzikimbia kwa hoja kwamba mkopo ulikuwa wa riba. Zile 80,000 za juu si haki yake. Nilimweleza hivyo mbele ya imamu na mkuu wa mtaa. Hakufurahi, na televisheni yetu alikuwa ameishika. Tuliishia 115,000 kwa maandishi na mashahidi wawili. Zile 15,000 bado zinanikera, na sitawadanganya kwamba nimezipatia jibu.

Zikabaki 347,000: kodi 120,000, duka 62,000, ikimina 50,000, mkopeshaji 115,000. Mama akishatoa chakula na kodi ya mwezi husika, hubakiwa na kama 35,000. Ampe nani? Zamani alimpa anayepiga kelele zaidi, na mpole akakosa. Katika Sahihi Muslim kuna kisa cha mtu aliyenunua matunda yakaharibika, deni likamzidi. Mtume (s.a.w.) aliwataka watu wamchangie. Mchango haukutosha, akawaambia wanaomdai wachukue kilichopatikana, hawana zaidi ya hicho. Mafakihi wetu wa Kishafii wanasema mali ya aliyefilisika hugawiwa wanaomdai kila mmoja kwa uwiano wa deni lake, naye huachiwa mavazi yake. Sisi hatukufika kwa kadhi, tulikichukua kipimo tu. Sehemu moja ya kumi kwa kila mmoja kila mwezi: 12,000, 6,200, 5,000 na 11,500. Inakuja 34,700. Mama mwenyewe hupeleka kwa mkono, tarehe 5, na kila mmoja hutia saini. Mwezi mmoja mvua iliharibu nyanya zake, akapeleka nusu, lakini alikwenda tarehe ileile. Mwenye nyumba, ambaye alishatutishia kututoa, alimkaribisha chai.

Nikumbushe pia sisi wa mabwenini, tunaobonyeza simu kuchukua mkopo wa 5,000 wa kula chipsi na kuurudisha na ziada. Aya ni ileile.

Daftari lina ukurasa mmoja ambao sijautaja. Ni wa wanaomdai mama? Hapana, ni wa wale anaowadai yeye, wanawake wawili wa Kadutu. Mmoja amepatikana, yuko kwa ndugu zake Uvira, hana kitu. Nilimuuliza mama niandike tarehe gani ya kulipa mbele ya jina lake. Alifikiri kidogo, akasema, "Andika: atakapopata."