SOMO: MTORO ANAKIMBIA NINI?
Kusoma: Hesabu 35:9-28, Yoshua 20:1-9



Watu husema: "Kama hana kosa, kwa nini anakimbia?" Biblia haifundishi hivyo. Tuchunguze.

1. Kukimbia si ushahidi wa kosa. Musa alimwua Mmisri, akakimbilia Midiani. Daudi alimkimbia Sauli, naye hakumkosea neno. Wote wawili walijificha, lakini mambo yao hayakuwa sawa. Usimhukumu mtu kwa mbio zake.

2. Miji ya makimbilio. Mungu aliamuru miji 6: Kedeshi, Shekemu, Hebroni, Beseri, Ramothi na Golani. Aliyeua bila kukusudia alikimbilia humo, mlipiza kisasi asimwue kabla ya hukumu. Lakini angalieni: alisimama kwanza langoni akawaeleza wazee habari yake, kisha alisimama mbele ya mkutano ahukumiwe. Aliyeua kwa kusudi hakulindwa. Basi mji ule ulikuwa wa kungojea haki, si wa kuikwepa.

3. Mfano wa kwetu. Tarehe 6 Juni 1921 serikali ya Wabelgiji ilikwenda Nkamba kumkamata Papa Simon Kimbangu. Akawaponyoka, wakamtafuta miezi 3 bila kumpata. Tarehe 12 Septemba alijitoa mwenyewe, palepale Nkamba. Tarehe 3 Oktoba tribinali ya kijeshi huko Thysville, leo Mbanza-Ngungu, ilimhukumu kifo. Mfalme Albert I aligeuza hukumu ile kuwa kifungo cha maisha. Alikufa mfungwa huko Élisabethville, leo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Haki ya wanadamu hakuipata. Hata hivyo kujificha kwake kulikuwa na mwisho, na mwisho ule aliuchagua yeye.

4. Na sisi? Ndugu aliyeiba au aliyemwumiza mtu akibisha mlangoni usiku, usimtoe kwa kundi lenye mawe na moto. Mpe chakula, omba naye, sikiliza habari yake yote. Lakini usimfiche mwezi baada ya mwezi. Pamoja na mchungaji na wazee, msindikize mbele ya sheria, na msimwache huko peke yake. Kumbuka pia yule aliyeumizwa: naye ni mtoto wa Mungu, naye anangoja.

Maswali ya kujiuliza nyumbani:
a) Ninamficha nani, na mpaka lini?
b) Mlango wangu ni lango la wazee, au ni shimo la kujifichia?

Bwana awape hekima. Amina.