Kichujio kipya, samaki wanahema

*Nimebadilisha kichujio cha tangi langu la samaki. Siku ya tatu maji yamekuwa meupe na samaki wanahema juu. Nimenunua kibovu?*
*Msomaji, Tanga*

Kichujio hakina kosa. Bakteria wanaovunjavunja amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki, huishi kwenye sponji. Ukiitupa ya zamani, unawatupa nao, amonia inajaa majini na samaki wanahema. Wapya huchukua wiki 4 hadi 6 kuwa wa kutosha.

Leo badilisha robo ya maji, ukitumia yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini, na uongeze pampu ya hewa. Lisha kidogo sana. Sponji ya zamani ipo, bado mbichi? Iweke ndani ya kichujio kipya, wala usiisuuze kwa maji ya bomba! Pima amonia na nitraiti (sumu itokanayo na amonia) kila siku. Wakiendelea kuhema kesho, mwite daktari wa mifugo.