Kamari Isiyojitaja Jina: Kijitabu cha Wazazi na Walezi

Julai 2017, Everton ya Uingereza ilicheza na Gor Mahia ya Kenya katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Wayne Rooney wa Everton alifunga bao la mbali, watu wakalipuka kwa shangwe. Kifuani mwa jezi yake lilikuwapo jina la SportPesa, kampuni ya kubeti. Mtoto aliyeshangilia siku ile hakuweka dau hata la senti, lakini jina hilo lilimwingia pamoja na utamu wa bao.

Sheria inakataza kumchezesha kamari mtu aliye chini ya miaka 18 Tanzania na Kenya; Uganda umri ni 25. Katazo hilo linamzuia mtoto kwenye mlango wa duka la kubeti. Sebuleni, akiwa na simu ya mama mkononi, anayebaki kumlinda ni mzazi, naye hawezi kukizuia asichokitambua.

Pakiti za wachezaji

Katika mchezo wa soka uliojulikana kama FIFA, ambao sasa unaitwa EA Sports FC, mtoto anaweza kununua pakiti bila kujua ndani yake kuna wachezaji gani. Anafungua, taa zinamulika, moyo unamdunda. Akikosa nyota aliyemtaka, ipo pakiti nyingine.

Aprili 2018, mamlaka inayosimamia michezo ya kubahatisha Ubelgiji ilitamka kwamba vifurushi vya aina hii vinavyolipiwa katika baadhi ya michezo, FIFA 18 ukiwamo, vinavunja sheria ya kamari. Januari 2019 kampuni ya EA iliacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo. Katika nchi nyingine nyingi biashara inaendelea.

Kindege

Mchezo wa kubeti wa Aviator una umbo la katuni: kindege kinapaa na namba inayozidisha dau inaongezeka. Mchezaji anatakiwa atoe fedha zake kabla hakijatokomea. Akichelewa, dau lote limekwenda. Upo pia uchezaji wa majaribio usio na malipo, na mzazi akiuona hudhani mtoto anajifurahisha tu. Kumbe anazoea ule msukumo wa "ngoja kidogo, kitapanda tena", na siku atakapokuwa na salio, kidole kitakuwa kimeshafundishwa.

Wauza mikeka

Kwenye Telegram na TikTok wapo vijana wanaotangaza "mkeka wa uhakika wa leo", yaani orodha ya mechi za kubetia, huku wakionyesha picha za ushindi. Mikeka iliyochanika, yaani iliyoshindwa, hawaionyeshi. Baadhi yao hulipwa na kampuni za kubeti kwa kila mteja anayejisajili kupitia kiungo chao, kwa hiyo wao wanapata hata mfuasi wao akipoteza.

Dalili za kuangalia

Mtoto anafuatilia usiku wa manane matokeo ya ligi ambayo hajawahi kuishabikia. Anazungumzia odi, yaani namba zinazoonyesha dau litalipa kiasi gani. Anafuta ujumbe wa miamala, anakopa kwa wenzake, au anakasirika vibaya mechi isiyomhusu inapoisha sare. Dalili moja peke yake haitoshi kumtia hatiani. Zikikutana mbili au tatu, ni wakati wa kuzungumza naye.

Pa kuanzia

Fimbo humfundisha mtoto kuficha simu. Ni afadhali mzazi aketi naye, amwombe amwonyeshe mchezo anaoupenda, kisha aulize: "Hapa unalipia nini? Kabla ya kulipa, unajua utapata nini?" Jibu likiwa "inategemea bahati", mzazi ameshaipata kamari, hata kama imepambwa kwa rangi na muziki.

Namba ya siri ya akaunti ya fedha ibaki kwa mzazi, nayo simu iwekwe iombe nywila kwa kila ununuzi. Mwisho wa mwezi, taarifa ya miamala ifunguliwe mbele ya mtoto. Wajumlishe pamoja kilichokwenda kwenye michezo, kiasi hicho kiandikwe kwenye daftari, na pembeni yake mtoto mwenyewe aandike kile ambacho fedha hizo zingenunua nyumbani.