Simu Yako Imebeba Watu Wengi

Wadogo zangu, leo tukae tuongee habari ya simu. Wengi mnaoniandikia mnauliza jambo lilelile kwa namna tofauti: "Dada, sitaki makampuni makubwa yajue maisha yangu yote. Niache nini, niweke nini?" Mmoja ameshafuta Facebook na sasa anataka kufuta WhatsApp, ila mama yake yuko kijijini na hajui njia nyingine ya kumwona mjukuu. Mwingine kaambiwa abadilishe mfumo mzima wa simu, akaogopa, akaacha kila kitu kama kilivyokuwa.

Wasiwasi wenu ni wa kweli na siudharau. Ila naomba tuanzie pengine. Kabla hujauliza makampuni yanajua nini juu yako, jiulize umeyapa nini juu ya wenzako.

Fungua orodha ya majina kwenye simu yako. Humo kuna mama, shangazi, bosi, nesi wa kliniki, dada anayekusuka, mweka hazina wa kikoba, na labda rafiki aliyekupa namba yake mpya kwa siri kwa sababu amemkimbia mwanamume anayempiga. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekubali masharti ya programu uliyoipakua wewe. Programu inapoomba kusoma majina, nawe ukabonyeza "ruhusu" ili upite haraka, umewatoa wote. Ni sawa na mtu aliyeachiwa funguo za nyumba za majirani zake akaenda kuzigawa stendi.

Matokeo yake mnayajua, hasa mliokopa kwenye simu. Mtu anachukua mkopo mdogo wa kumpeleka mtoto hospitali, siku za kulipa ni chache, riba inapanda. Akichelewa, meseji zinaanza kuingia kwa baba mkwe, kwa mchungaji, kwa wafanyakazi wenzake, za kumwita mwizi na tapeli. Aliyekopa ni mmoja, wanaosumbuliwa ni ukoo mzima. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Kenya nako, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia vitisho. Hata Google, ambayo wengi wenu mnaikimbia, ilizikataza programu za mikopo binafsi zilizoko Play Store kusoma majina na picha za mkopaji kuanzia tarehe 31 Mei 2023. Kwa hiyo programu ya mkopo inayokujia kwa kiungo cha SMS, ikitaka uipakue nje ya Play Store, iache hapohapo.

Kazi ya kwanza, basi, haina gharama. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya ruhusa, uone ni programu zipi zinasoma majina yako. Pitia moja moja. Mchezo wa mtoto unataka majina ya nini? Tochi je? Zima. Kama kuna kitu kitakataa kufanya kazi, utaona na utakirudisha. Kisha angalia mahali ulipo: programu ya teksi iruhusu wakati unaitumia tu, siyo saa zote. Na kwenye picha, simu za Android 14 na kuendelea, pamoja na iPhone, zinakuruhusu kuchagua picha unazotaka kutoa badala ya kufungua albamu nzima. Tumia nafasi hiyo, hasa kama una picha za watoto. Mwezi uleule wa Septemba 2023, ofisi ile ya Kenya iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Napenda walimu na mashangazi wanaoweka picha za watoto kwenye status walijue hilo.

Sasa WhatsApp. Siwaambii muifute. Facebook iliinunua mwaka 2014, na tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwenye simu ya unayemwandikia, kiasi kwamba kampuni yenyewe haiwezi kusoma ulichoandika. Hiyo ni kinga ya maana. Kinachobaki wazi ni mambo ya pembeni: uliwasiliana na nani, saa ngapi, uko kwenye makundi gani. Hayo nayo yanasema mengi. Mtu akijua tu kwamba umempigia nesi wa kliniki fulani saa nne usiku, kisha ukampigia dada yako, hahitaji kusikia maneno.

Kuna pengo ambalo wengi hawalijui. Mazungumzo yako yakihifadhiwa kwenye Google Drive au iCloud, nakala ile haina kufuli hilo mpaka uliweke wewe. WhatsApp ilileta uwezo huo mwaka 2021. Nenda kwenye mipangilio yake, sehemu ya gumzo, kisha nakala rudufu, uwashe ulinzi wa nenosiri. Nenosiri hilo liandike kwenye daftari uliloliweka nyumbani, maana likipotea hata wao hawawezi kukurudishia. Ukiwa humohumo washa uthibitisho wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita. Wale wanaokuandikia "samahani, namba yangu ya uthibitisho imekuja kwako kwa bahati mbaya, naomba unitumie" wanataka kuichukua akaunti yako wakawaombe hela ndugu zako. PIN hiyo inawazuia.

Mazungumzo mazito yahamishie Signal. Inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida, na mmoja wa waliotoa fedha za kuanzisha taasisi hiyo mwaka 2018 ni Brian Acton, mwasisi mwenza wa WhatsApp aliyeondoka Facebook; alitoa dola milioni 50. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliwataka Signal watoe taarifa za mtumiaji, wakawa na vitu viwili tu vya kutoa: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho ilipounganishwa. Hawakuficha; hawakuwa wamehifadhi kingine. Na tangu mwaka 2024 unaweza kumpa mtu jina la mtumiaji bila kumwonyesha namba yako. Mabinti mnaouza nguo na vipodozi mtandaoni, mnaopigiwa simu usiku na wanaume waliowahi kununua bidhaa moja, hilo litawafaa kuliko wote.

Ila usiingie kwenye kundi la ukoo la watu mia na kuwaamrisha wahame. Hawatahama, nawe utabaki peke yako na programu nzuri isiyo na mtu. Anza na kundi dogo lenye jambo la kulindwa: ndugu wanne mnaomuuguza baba, mnaotumiana majibu ya vipimo na risiti za hospitali. Wakae nawe, uwawekee mwenyewe, mtumiane salamu ya kwanza. Telegram nayo isiwadanganye kwa sifa zake. Mazungumzo yake ya kawaida hayana kufuli la namna hiyo mpaka ufungue mazungumzo ya siri, na makundi hayanalo kabisa.

Makampuni haya yanajua kwamba wengi wetu hatubadilishi tulichokikuta kwenye simu. Kwenye kesi ya Google huko Marekani ilionekana kwamba mwaka 2021 kampuni hiyo ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe ndiyo injini ya kutafutia unayoikuta kwenye simu na vivinjari. Agosti 2024 jaji akaamua kwamba imejilimbikizia soko kinyume cha sheria. Mtu hatoi mabilioni hayo kwa ajili ya kitu kisicho na nguvu. Kwa hiyo dakika tano za kubadilisha kivinjari si upuuzi. Weka Firefox, uongeze uBlock Origin inayozuia matangazo na vinavyokufuatilia. Chrome ya kwenye simu za Android haikubali viongezeo. Faida utaiona upesi: kurasa hufunguka kwa wepesi na bando halimalizwi na video za matangazo ambazo hukuziomba. Nawaambia ukweli wote: fedha nyingi za Firefox hutoka Google kwa mkataba huohuo wa kutafuta. Bado naipendelea, kwa sababu inakuachia wewe uamuzi wa kuzuia.

Ramani ni eneo ninalolipenda kwa moyo wote. Organic Maps hupakuliwa mara moja, kisha inakuongoza bila intaneti na bila kumwambia mtu unakwenda wapi. Data yake ni ya OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kawaida. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam kupita kata zinazofurika, Tandale ikiwamo, wakichora njia, mifereji na nyumba ambazo nyingi hazikuwa kwenye ramani. Ukiifungua pale unatembea juu ya kazi ya mikono ya watu wetu.

Barua pepe niseme kidogo. Proton Mail ya Uswisi ni nzuri kwa barua za benki na hospitali, lakini kampuni haiko juu ya sheria ya nchi yake: mwaka 2021 Proton ililazimika kutoa anwani ya mtandao ya mwanaharakati mmoja wa Ufaransa. Kutunza manenosiri yako, tumia programu ya Bitwarden, ya bure inatosha. VPN ya bure, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye mitambo ya kampuni nyingine, kuweni na shaka nayo. Facebook iliwahi kumiliki moja iitwayo Onavo, watu wakaiweka wakidhani inawalinda, kumbe ilitumika kuona ni programu gani za washindani zinapendwa. Ilifungwa mwaka 2019.

Na mwili wako usiuuze. Kati ya Julai na Agosti 2023 watu walijipanga foleni ndefu kwenye ukumbi wa KICC, Nairobi, ili mradi wa Worldcoin uwapige picha ya mboni za macho kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Sitawalaumu waliojipanga, maana shilingi hizo ni kodi ya chumba. Serikali ilisimamisha zoezi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo za miili zifutwe. Nenosiri likivuja utaweka jingine. Jicho utabadilisha na lipi?

La mwisho ni kwa wale ambao yameshawakuta. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Kenya wana sheria ya mwaka 2019. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba na tarehe. Iandikie kampuni uwatake waseme walichonacho juu yako na wakifute, na ubaki na nakala ya barua hiyo. Wasipojibu, peleka malalamiko kwa Tume, au kwa Ofisi ya Kamishna ukiwa Kenya. Shangazi aliyetumiwa meseji za matusi kuhusu deni lako naye anaweza kulalamika kwa jina lake mwenyewe, hata kama hakukopa hata senti moja.