Gharama ya Kuishi Pamoja: Popo, Binadamu na Ugonjwa wa Marburg Mkoani Kagera

Mwezi Machi 2023 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg katika kata za Maruku na Kanyangereko, wilayani Bukoba. Kwa wakazi wa Izigo, katika wilaya jirani ya Muleba, habari hiyo haikuwa ya mbali, kwani wilaya hizo mbili zimeunganishwa na barabara, masoko na undugu. Watu 9 waliugua na 6 kati yao wakafariki. Miongoni mwa waliougua walikuwamo watu wa familia moja na wahudumu 2 wa afya. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 2 Juni 2023. Mwezi Januari 2025 ugonjwa huo ulirudi tena Kagera, safari hii wilayani Biharamulo, ukaua watu 10.

Virusi vya Marburg huishi kwa popo wa mapangoni. Vikishamfikia binadamu wa kwanza, huenea kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Kwa hiyo wanaoambukizwa kwa wingi ni wale wanaouguza na wanaozika. Ili kuelewa kwa nini iwe hivyo, ni vema kuanza na swali la msingi zaidi: kwa nini viumbe huishi pamoja, na hulipa nini kwa kuishi hivyo?

Faida za kundi

Si kila mnyama anaishi katika kundi. Chui huwinda peke yake, ilhali simba, ambaye ni wa jamii hiyo hiyo ya paka, huishi kwa ukoo. Kwa mujibu wa nadharia ya mageuko, tabia hudumu iwapo wenye tabia hiyo huacha wazao wengi zaidi ya wasio nayo. Kundi basi hudumu pale tu faida zake zinapozidi hasara zake.

Faida ya kwanza ni usalama. Msimu wa senene, wadudu hao hushuka kwa maelfu, na ndege hawawezi kuwala wote. Senene aliye peke yake ndiye atakayeonekana na kuliwa, bali aliye katikati ya maelfu ana nafasi kubwa ya kupona. Mwanabayolojia Mwingereza William Hamilton alieleza mwaka 1971 kwamba kundi la namna hii halihitaji upendo wala ushirikiano: kila mmoja anatafuta tu kujificha nyuma ya mwenzake.

Faida ya pili ni kusaidia damu yako. Nyuki kibarua kwa kawaida hazai. Hutumia maisha yake kuwalea wadogo zake, na huuma ili kulinda mzinga ingawa kumuuma mnyama humgharimu uhai. Mwaka 1964 Hamilton huyo huyo alionyesha jinsi tabia hiyo inavyoweza kurithiwa. Ndugu wana sehemu ya jeni zinazofanana. Anayejinyima kwa ajili ya ndugu huzisaidia jeni zake mwenyewe ziendelee kupitia kwao.

Faida ya tatu ni kugawana mahali na maarifa. Popo hupata katika pango joto, giza na hifadhi dhidi ya maadui, na mapango yanayofaa si mengi.

Hasara isiyokwepeka

Mwaka 1974 mwanabayolojia Mmarekani Richard Alexander alichapisha makala kuhusu mageuko ya tabia za kijamii, akatoa hoja ambayo bado inafundishwa. Alisema faida za kundi hutofautiana kwa kila aina ya mnyama na mahali pengine hazipo kabisa. Hasara mbili, hata hivyo, hufuatana na kundi daima: kugombania chakula na wenza, na kuambukizana maradhi. Kila anayekaa karibu na wenzake hukaa pia karibu na vimelea vyao.

Mfano ulio wazi uko ng'ambo ya mpaka wa Kagera. Katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda, lipo pango liitwalo Python Cave, lenye makumi ya maelfu ya popo wala matunda wa aina ya Rousettus aegyptiacus. Watafiti waliwapima popo hao mwaka 2008 na 2009. Waligundua kwamba maambukizi ya Marburg hupanda mara mbili kwa mwaka, yakifuata misimu miwili ya kuzaa. Wanaobeba virusi kwa wingi ni popo wachanga wa umri wa miezi sita hivi, ambao kinga waliyopewa na mama zao imekwisha. Katika vipindi hivyo takriban 12 kati ya kila 100 wa rika hilo walikuwa na virusi. Kwa maneno mengine, mpangilio wa maisha ya popo, yaani kuzaa kwa pamoja na kulala kwa kubanana, ndio unaovitunza virusi visitoweke.

Mtu anaweza kufikiri kwamba dawa ni kuwaua popo. Jambo hilo lilijaribiwa. Baada ya wachimba madini wa mgodi wa Kitaka, Uganda, kuugua Marburg mwaka 2007, popo wa mgodi huo waliangamizwa. Mwaka 2012 ugonjwa ulizuka tena katika eneo la Ibanda, si mbali na hapo. Watafiti walipourudia mgodi walikuta popo wamerejea, wachache kuliko mwanzo, lakini kiwango cha maambukizi kikiwa kimepanda kutoka takriban 5 hadi takriban 13 kwa kila 100. Kulivunja kundi hakukuvifukuza virusi. Aidha, popo wala matunda husambaza mbegu na chavua za miti mingi, na kuwaua ni hasara nyingine juu ya ile ya kwanza.

Jinsi wanyama wanavyojihadhari

Kwa kuwa maradhi ni gharama ya kudumu, wanyama wa kijamii wamerithi pia njia za kuipunguza. Nyuki vibarua huwatoa nje ya mzinga mabuu wenye ugonjwa. Watafiti wa Tel Aviv walichapisha mwaka 2021 uchunguzi wa popo wa aina ile ile ya Python Cave: popo waliofanywa wajisikie wagonjwa walijitenga wenyewe na wenzao, wala hawakutoka usiku kutafuta chakula. Hakuna aliyewafukuza.

Mwaka 1966 Tanzania yenyewe ilishuhudia tukio la kusikitisha zaidi. Ugonjwa wa kupooza, yaani polio, uliwaingia sokwe wa Gombe, mkoani Kigoma, ambao Jane Goodall alikuwa akiwachunguza tangu mwaka 1960. Sokwe mzee aliyeitwa McGregor alipooza miguu. Wenzake walimwogopa, wakamkwepa, na wengine wakamshambulia. Mmoja tu, Humphrey, ambaye Goodall alidhani ni wa ukoo wake, aliendelea kukaa karibu naye.

Binadamu na kuuguza

Binadamu naye ni kiumbe wa kijamii, lakini amekwenda mbali kuliko sokwe. Hamkimbii aliyepooza. Humlisha, humwogesha, na akifa humwandaa kwa mikono na kumsindikiza. Huduma hii imewaokoa wengi ambao peke yao wasingepona, na bila shaka ni miongoni mwa sababu za binadamu kufika alipo. Virusi vya Marburg havitambui wema wala ubaya. Hupita tu pale miili inapokutana. Vikiingia kwa watu wanaopendana, huufuata upendo huo kama maji yafuatavyo mfereji.

Hapa ndipo elimu ya afya inapotakiwa kuwa na busara. Kumwambia mama wa Izigo amtelekeze mwanawe mwenye homa ni kumwambia awe kinyume cha alivyoumbwa, naye hatatii. Pengine atamficha mgonjwa. Linalowezekana ni kubadili namna ya kuuguza bila kuacha kuuguza. Homa kali ya ghafla, kichwa kuuma sana, kutapika, kuhara au kutokwa damu, hasa kwa aliyeingia pangoni au kumhudumia mgonjwa wa aina hiyo, ni sababu ya kutoa taarifa mapema kituo cha afya au kwa simu ya bure 199. Asiyekuwa na glavu na mavazi ya kinga asiguse majimaji ya mgonjwa. Ndugu waliomkaribia mgonjwa wafuatiliwe kwa siku 21, muda mrefu zaidi ambao dalili huchukua kujitokeza. Maziko yafanywe na waliofunzwa, huku familia ikisimama mahali inapoona, ikisali na kumtaja marehemu kwa jina. Majirani nao wawapelekee waliotengwa chakula hadi mlangoni, ili kutengwa kusiwe kutupwa.

Humphrey alibaki karibu na McGregor bila kujua ugonjwa ni nini. Binadamu anajua, na hiyo ndiyo nafasi yake ya kubaki karibu na wake bila kufa pamoja nao.

Maswali ya kujadili

1. Taja faida tatu na hasara mbili za kuishi katika kundi, ukitoa mfano wa mnyama anayejulikana katika eneo lako.
2. Kwa nini kuwaua popo wa Kitaka hakukupunguza maambukizi?
3. Katika desturi za mazishi za kijiji chako, ni lipi linaweza kubadilishwa wakati wa mlipuko, na ni lipi lazima libaki ili familia ione kuwa marehemu ameheshimiwa?