Somo: Kususia mechi bila kususiana

Katika vikundi vyetu tunaulizwa mara nyingi: tukikataa jambo baya bila kutumia nguvu, tutaishi namna gani na wenzetu wasiokataa pamoja nasi? Tuwatazame washabiki wa mpira wa Blackpool, mji wa Uingereza.

Timu yao ilicheza ligi kuu msimu wa 2010-2011, na pesa nyingi ziliingia. Washabiki walilalamika kwamba wamiliki, familia ya Oyston, walizichukua badala ya kuijenga timu. Mwezi wa 5 mwaka 2015 wengine walivamia uwanja katikati ya mechi, nayo ikakatizwa. Baadaye wengi walishika njia nyingine: kutonunua tiketi mpaka wamiliki waondoke.

Ilikuwa vigumu. Mtu aliyezoea kwenda na baba yake tangu utoto alibaki nyumbani. Wengine waliendelea kuingia, wakisema timu si ya mwenye mali. Kulikuwa na waliowaita wasaliti, na hapo ndipo sisi tunaona hatari kubwa kuliko ya wamiliki wenyewe.

Kususa peke yake hakukutosha. Mwaka 2017 mahakama iliona kwamba wamiliki walimdhulumu mshirika wao. Februari 2019 ikateua msimamizi wa mali. Tarehe 9 Machi 2019 waliosusa walirudi, na watu 15,871 wakahudhuria mechi.

Kwa kujadiliana: Wauzaji wa soko lenu wamekubaliana kutofungua meza kwa sababu ya ushuru usio halali. Mama mmoja anauza, watoto wake wana njaa. Nani aende kuongea naye, na aanze na neno gani?